Biskuti za siagi (Same na Milima ya Pare)

Biskuti za siagi ni biskuti kavu za rangi ya krimu zinazookwa kwa vitu vitatu tu: unga wa ngano, siagi na sukari. Hazitiwi hamira wala maziwa, na kwa desturi ya asili hazitiwi yai. Sifa yake ni wepesi: ukiuma kipande kinavunjika, na kabla hujatafuna sana kimekwisha mumunyika mdomoni. Huhesabiwa miongoni mwa vitafunio vya sikukuu, yaani Krismasi, Mwaka Mpya na Idi. Makala haya yanazieleza kwa kuitazama wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, pamoja na milima inayoizunguka, kwa sababu hapo joto la tambarare na baridi ya mlima vinakaa karibu, na biskuti hii ni suala la joto na baridi kuliko suala la ufundi wa mikono.

Jina

Neno "siagi" huwapotosha waokaji wengi. Kwa maana yake ya awali ni mafuta yanayopatikana kwa kusukasuka maziwa au mtindi kibuyuni mpaka yajitenge. Siagi hiyo ikichemshwa hadi maji yaishe na machicha yatulie chini, inakuwa samli. Lakini leo ukiingia dukani ukaomba siagi, utapewa majarini ya kopo iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, na jina la Blue Band limezoeleka kiasi kwamba watu huliita hivyo hata kopo la kampuni nyingine.

Kwa mkate wa asubuhi tofauti hiyo haina uzito. Kwa biskuti ina uzito wote. Siagi ya maziwa ina mafuta yapata asilimia 80, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Samli ni mafuta karibu matupu. Majarini hutofautiana kopo kwa kopo, na zile laini za kupaka huwa na maji mengi zaidi. Maji yakikutana na unga wa ngano huamsha gluteni, ile nguvu inayoifanya chapati ivutike. Biskuti haitaki kuvutika. Ndiyo maana mtu hufuata kipimo kilekile cha jirani yake, akabadilisha kopo tu, akatoa biskuti ngumu kama kigae, kisha akalaumu moto.

Asili na jamaa zake

Biskuti ya aina hii ni ya Scotland, ambako huliwa hasa Mwaka Mpya. Kipimo cha zamani cha huko ni rahisi kukumbuka: sehemu moja ya sukari, mbili za siagi, tatu za unga. Hapo kale unga ulikuwa wa shayiri pori, ngano ikaja baadaye. Jina lake la Kiingereza lina neno ambalo sasa humaanisha "fupi", ila kwa waokaji wa zamani lilimaanisha kitu kinachovunjika upesi. Siri ni mafuta: yakizizunguka chembe za unga kabla ya maji kuzifikia, nyuzi za gluteni hazipati nafasi ya kurefuka. Huhusishwa pia na Malkia Mary wa Scotland, wa karne ya 16, lakini habari hiyo ni ya kusimuliana zaidi kuliko ya kuthibitishwa.

Upareni uokaji wa kizungu ulikuja kwa njia kadhaa. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig na Waadventista waliofika Upare Kusini mwaka 1903 walikuwa Wajerumani, watu ambao kwao Desemba haipiti bila biskuti za siagi. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 ikipita Same, na pamoja na reli yakaja maduka, unga mweupe na sukari ya gunia. Baadaye, chini ya Waingereza, wasichana wa shule walifundishwa kuoka katika masomo ya kazi za nyumbani, ambayo vizazi vya baadaye viliyajua kwa jina la sayansi kimu.

Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba biskuti ya mafuta mengi ilisubiri wazungu. Pwani ina vileja, biskuti za Idi za unga wa mchele, samli, sukari na iliki, mara nyingi na yai, zinazomumunyika hata kuliko za Scotland kwa kuwa mchele hauna gluteni kabisa. Wahindi walileta nankhatai, inayosifiwa sana mji wa Surat, ya samli na iliki, ambayo baadhi huichanganya na unga wa dengu au semolina. Anayejua kileja anaijua biskuti ya siagi nusu yake. Na Same ina sababu ya kukijua: mpunga hulimwa chini ya milima, katika skimu ya umwagiliaji ya Ndungu na mashamba ya Kihurio, kwa hiyo unga wa mchele hauhitaji kuagizwa mbali.

Tambarare na mlima

Mji wa Same uko chini kidogo ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, upande wa milima usiopata mvua nyingi, pembeni ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha. Desemba ni mwezi wa joto, na alasiri mara nyingi hupita nyuzi 30. Juu yake, Upare Kusini hupanda hadi kilele cha Shengena chenye mita 2,462 ndani ya msitu wa Chome. Huko Mbaga, Suji na Chome, jioni ya Desemba mtu huvaa sweta.

Siagi ya maziwa hufaa kukandwa ikiwa karibu nyuzi 18 hadi 20: imelainika lakini bado inashika umbo, kidole kikibonyeza kinaacha alama bila kuteleza. Ikifika nyuzi 32 na zaidi inayeyuka, na siagi iliyoyeyuka haigandi tena kama ilivyokuwa. Hiyo ndiyo hali ya jikoni Same mjini saa nane mchana. Donge linang'aa kwa mafuta, linashikamana na mikono, na biskuti zikiingia motoni zinatanuka na kuungana zikawa mkate mmoja bapa. Mwokaji akiona donge linamlegea huongeza unga, na hapo ndipo anapoiharibu, maana tatizo lilikuwa joto wala si uchache wa unga. Dawa ni kuoka alfajiri au usiku. Mwenye friji alaze donge humo nusu saa. Asiye nayo aliweke kwenye bakuli lililofunikwa, juu ya beseni la maji ya mtungini.

Mlimani mambo hujiendea. Siagi hukaa imara mezani, donge hukatika vizuri, alama za uma zinabaki kama zilivyochapwa. Kinachosumbua huko ni siagi kuwa ngumu kupita kiasi asubuhi, na hilo huisha ukiisogeza karibu na jiko. Kimo chenyewe, ambacho huwahangaisha waokaji wa keki, hapa hakina madhara makubwa kwa kuwa hakuna hamira ya kuumuka.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba bibi yake wa Chome alikuwa na mkono wa biskuti, mwamini, lakini mpe mlima nao sifa yake.

Vipimo

Kwa biskuti zipatazo 30: gramu 100 za sukari, gramu 200 za siagi, gramu 300 za unga na chumvi kidogo kama siagi haina chumvi. Anayezitaka nyepesi zaidi hutoa gramu 50 za unga wa ngano na kuweka gramu 50 za unga wa mchele uliochekechwa sana, au wanga wa mahindi. Kastadi nayo hutumika, ikatia rangi ya njano na harufu ya vanila. Wengi huipenda, ingawa kwa maoni ya mwandishi huifunika harufu ya siagi ambayo ndiyo iliyogharimiwa.

Sukari inataka uangalifu. Sukari ya kawaida ya dukani, kama ile ya kiwanda cha TPC kusini mwa Moshi, ina chembe kubwa. Katika donge lisilo na maji chembe hizo haziyeyuki, na biskuti hutoka na mikwaruzo. Isagwe kwenye blenda au itwangwe kinuni hadi iwe poda, kisha ichekechwe. Ukitumia samli badala ya siagi, punguza: gramu 160 hadi 170 zinatosha, kwa kuwa humo hakuna maji.

Siagi na sukari huchapwa kwa mwiko mpaka zigeuke nyeupe na laini. Hewa inayoingia hapo ndiyo hamira pekee ya biskuti hii. Unga hufuata, nao hukusanywa kwa ncha za vidole tu. Aliyezoea kukanda chapati ajizuie. Kila anapokanda anaamsha gluteni aliyokuwa anaikimbia. Donge husukumwa unene wa sentimita moja hivi, hukatwa kwa mdomo wa glasi, na huchomwa kwa uma ili mvuke utoke.

Viungo ni hiari. Iliki iliyotwangwa huielekeza biskuti kwenye ladha ya kileja. Tangawizi ni ya nyumbani kabisa: kata ya Mamba Miamba, Same Mashariki, inajulikana nchini kwa zao hilo na ina kiwanda cha kulisindika. Tumia ya unga, kijiko kimoja cha chai, kwa sababu tangawizi mbichi ina maji.

Kuoka bila oveni

Oveni huelekezwa nyuzi 150 hadi 160, dakika 20 hadi 25. Nyumba nyingi hazina oveni, na hazijazuiwa kuoka. Sufuria kubwa ya chini nzito hutandikwa mchanga mkavu na safi, kina cha vidole viwili, ikapashwa moto wa mkaa kwa robo saa. Trei huwekwa juu ya mawe matatu madogo ili isigusane na mchanga. Mfuniko hufunikwa, na mkaa mwingine hupangwa juu yake. Kwa keki moto wa juu huwa mwingi. Kwa biskuti hizi uwe mdogo, kwa sababu siagi na sukari huungua upesi. Wapo wanaopima kwa kipande cha karatasi nyeupe: kikigeuka kahawia ndani ya dakika moja, mkaa wa juu upunguzwe.

Biskuti iliyoiva haionekani imeiva. Inabaki nyeupe juu, ina wekundu kidogo pembeni, na ukiigusa ni laini. Hapo ndipo wageni wa kazi hii huirudisha motoni na kuikausha kupita kiasi. Itolewe, iachwe kwenye trei dakika kumi bila kuguswa. Mafuta yakiganda, nayo hukakamaa.

Sikukuu

Krismasi ni wakati wa kupanda milimani. Wapare walioko Dar es Salaam, Tanga na Arusha hurudi kwao, mabasi hujaa, na tangu Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi imerejea baada ya kusimama kwa takriban miaka 25. Majarini na unga hununuliwa mjini Same kabla ya kupanda. Chakula kikubwa cha nyumbani ni kingine, na makande hayajapata mpinzani. Biskuti ni za chai, za wageni na za watoto.

Upareni wapo Walutheri, Waadventista, Wakatoliki na Waislamu, mara nyingi katika kijiji kimoja au hata ukoo mmoja. Sahani iliyofunikwa kitambaa huvuka kwenda kwa jirani Krismasi, na hurudi na kitu Idi ikifika. Hapa siagi na samli zina faida ambayo vitabu vya mapishi vya Ulaya havikuifikiria. Mafuta ya nguruwe, yaliyotumika sana Ulaya katika biskuti za kuvunjika, hayaliwi na Mwislamu wala Mwadventista. Anayetumia mafuta magumu ya dukani asome kwanza maandishi ya kopo.

Watani wa Wapare, Wachagga wakiwa mbele, husema Mpare hafungui mkono. Waulizwe ni bahili gani anayetia gramu 200 za siagi katika gramu 300 za unga.

Utunzaji

Katika kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, biskuti za siagi hukaa wiki mbili hadi tatu. Hapa tambarare hulipa kisasi. Hewa kavu ya Same huziacha zikiwa kavu hata kopo likisahauliwa wazi usiku mzima, ilhali ukungu wa mlimani huzilainisha ndani ya saa chache, maana sukari hunyonya unyevu. Mlimani kopo lifungwe kila baada ya kutoa, na biskuti zisichanganywe na keki au maandazi. Zilizolainika si za kutupwa: zirudishwe kwenye sufuria ya mchanga wa moto dakika tano, bila mkaa wa juu, zikipoa zitavunjika tena kama siku ya kwanza.