Vito vya Bi Fatma

Kila Ramadhan tunachangishana: pesa za futari, mikeka ya msikiti, nguo za mayatima. Yote ni kheri, Mwenyezi Mungu ayakubali. Leo lakini, huku ukingoja magharibi, hebu twende Misri tumuangalie mama mmoja aliyetoa vito vyake viuzwe ili watu wasome.

Chuo Kikuu cha Misri, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Cairo, kilifunguliwa Disemba 1908. Hakikuwa cha serikali, kiliendeshwa kwa michango ya watu, na masomo yalifanywa katika jumba la kupanga. Haukupita muda pesa zikaanza kuwa haba. Habari zilimfikia Bi Fatma, bintiye Khedive Ismail, kupitia daktari wake aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa chuo. Mama huyo akatoa fedani 6 za kujenga chuo (fedani ni zaidi kidogo ya ekari), akaweka wakfu fedani 661 za mashamba ili mapato yake yakiendeshe, kisha akatoa vito vilivyopata kama pauni 18,000. Jiwe la msingi likawekwa mwaka wa 1914.

Utasema, alikuwa tajiri, sisi je? Ngoja kwanza, hapo sipo ninapokwenda.

Mwaka wa 1909 chuo kilikuwa kimeanzisha mihadhara ya wanawake, ikifanywa Ijumaa wakati wanafunzi wanaume wako mapumzikoni. Mwaka wa 1912 ikafungwa. Na pesa zake je? Zikapelekwa kwa wavulana waliotumwa kusoma Ulaya! Yaani Bi Fatma alipotoa vito vyake, chuo kilikuwa kimekwisha wafungia mlango wanawake wenzake. Mfuko ulipobana, fungu la wasichana ndilo lililokatwa kwanza. Je, msomaji, hili si twalijua hata huku kwetu? Karo ikikosekana nyumbani, nani huambiwa angoje?

Katika wavulana waliosaidiwa na chuo hicho alikuwamo Taha Hussein, kipofu, mtoto wa kijijini Misri ya juu, wa jamaa isiyo na mali. Alipata udaktari wa chuo hicho mwaka wa 1914, kisha kikampeleka Ufaransa. Sikatai, yule alistahili. Na bahati njema hakusahau. Mwaka wa 1928 yeye akiwa mwalimu hapo, na Ahmed Lutfi al-Sayyid akiwa mkuu wa chuo, wasichana waliingizwa kama wanafunzi kamili, kimyakimya, bila matangazo. Lakini waliingiaje? Kwa sababu mwaka wa 1925 serikali ilikuwa imefungua sekondari ya wasichana yenye masomo sawa na ya wavulana. Bila ya cheti kile, hata mlango ungefunguliwa wazi nani angepita?

Mmoja wa wasichana wale wa mwanzo, Suheir al-Qalamawi, alisomeshwa na Taha Hussein. Mwaka wa 1941 alipata udaktari kwa utafiti wa Alfu Lela Ulela, na baadaye akaongoza idara ya Kiarabu. Hesabu mwenyewe: tangu 1912 mpaka 1928 ni miaka 16. Msichana aliyekuwa na miaka 18 mlango ulipofungwa, ulipofunguka alikuwa na 34, pengine na watoto watano.

Sasa turudi kwetu. HELB hukopesha, sawa. Lakini binti wa Lamu aliyeitwa chuo cha Eldoret huhitaji nauli, kodi ya chumba na chakula kabla mkopo haujaingia. Hapo ndipo wengi hukwama, na baba huanza kusema, "Basi, aolewe." Si kwamba baba hampendi. Hana.

Kwa hivyo vijana wenzangu, tukianzisha mfuko wa kusomesha mwaka huu, tusiseme tu "wa wanafunzi". Fiqhi inaheshimu sharti la mwenye kuweka wakfu. Ukitoa chumba kimoja cha kupangisha Majengo, au kiosk, au watu kumi mkichanga shilingi mia tano kila mwezi, andikeni kwenye karatasi, mbele ya mashahidi: pesa hizi ni za wasichana wa chuo kikuu wasio na uwezo, na kamati haina ruhusa ya kuzihamisha, hata mwaka wa dhiki.