Maneno Saba ya Jakarta



Indonesia ni nchi ambayo takriban watu 87 katika kila mia ni Waislamu, na wengi wao hufuata madhehebu ya Imam Shafi kama sisi watu wa pwani. Yafaa tujue jinsi katiba yao ilivyoandikwa.

Tarehe 22 Juni 1945, wajumbe tisa, wanane Waislamu na mmoja Mkristo, A. A. Maramis, walitia saini dibaji iliyosema kuwa dola itasimama juu ya kumwamini Mungu, na kwamba Waislamu watawajibika kutekeleza sharia yao. Wajibu huo, kwa lugha yao, ni maneno saba.

Uhuru ukatangazwa tarehe 17 Agosti. Jioni ile Mohammad Hatta akaletewa habari kwamba Wakristo wa visiwa vya mashariki hawataridhia maneno hayo. Asubuhi akakutana na viongozi wa Kiislamu. Aliyekuwa mgumu zaidi ni Ki Bagus Hadikusumo, mkuu wa Muhammadiyah. Kasman Singodimedjo akamsihi kwa Kijava cha adabu: adui yu njiani, umoja ni lazima, na katiba hii ni ya muda tu, itatengenezwa baadaye. Mzee akakubali. Maneno saba yakafutwa, na badala yake ikaandikwa kwamba Mungu huyo ni Mmoja.

Wako waliosema kuwa dini iliuzwa siku ile. Mimi sioni hivyo. Sala na saumu zilikuwa faradhi kabla ya katiba, na zikabaki faradhi baada yake. Kilichoondolewa ni mkono wa serikali katika kuzisimamia. Ibara ya 29 ikamdhaminia kila mtu uhuru wa dini yake.

Ila ahadi ni deni, na deni hili halikulipwa. Ki Bagus alifariki mwaka 1954. Bunge la katiba lilianza kazi mwaka 1956, likabishana bila upande wowote kupata theluthi mbili, hata Rais Sukarno akalivunja tarehe 5 Julai 1959 na kuirejesha katiba ile ile ya 1945. Mwaka 2002 maneno saba yaliombwa tena, yakakataliwa.

Na uhuru ule wenyewe haukukamilika. Sheria ya 1965 ya kuadhibu wanaoikashifu dini ilipingwa mbele ya Mahakama ya Katiba, nayo mwaka 2010 ikakataa kuifuta. Lakini mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo iliamua kuwa wafuasi wa imani za jadi waandikiwe imani yao katika vitambulisho. Kabla ya hapo, nafasi ya dini katika vitambulisho vyao iliachwa tupu.