Daftari la Kazi: Kutoka Misafara ya Bagamoyo hadi Mitandao ya Blokcheni

Kila soko la kazi, tangu zama za pembe za ndovu hadi zama za simu ya mkononi, limesimama juu ya mambo matatu: mahali pa kumkutanisha mwenye kazi na mtenda kazi, mkono unaoshika ujira kabla kazi haijaisha, na kumbukumbu inayoeleza nani alifanya nini na aliifanya vipi. Katika miaka ya karibuni, wajenzi wa mitandao ya kijamii inayoendeshwa kwa blokcheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi bila mwenyewe mmoja, wameanza kuingiza ndani ya mitandao hiyo masoko ya kazi huria. Kwa pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, hii ni sura ya mwisho ya habari ndefu. Ukiisoma habari hiyo tangu mwanzo, utaona jambo moja likijirudia zama baada ya zama: aliyeshika daftari ndiye aliyeshika soko.

Kabla ya soko palikuwa na zamu. Katika vijiji vya Wakwere, Wadoe na Wazaramo nyuma ya Bagamoyo, shamba lililomshinda mtu mmoja lililimwa kwa ujima, na mwenye shamba alilipa kwa chakula na kwa mgongo wake siku ya mwenzake. Wamijikenda wa pwani ya Kenya waliita utaratibu wa namna hiyo mweria. Daftari lilikuwa vichwani mwa watu: mvivu alijulikana, na aliyekwepa zamu yake alijikuta peke yake msimu wa palizi. Utaratibu huu ulikuwa wa haki, lakini haukuweza kuvuka mipaka ya watu wanaofahamiana kwa sura.

Karne ya 19 ilivunja mipaka hiyo. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, karibu na mwaka 1840, na bei ya pembe za ndovu ilipopanda katika masoko ya ng'ambo, Bagamoyo ilikua na kuwa mlango mkuu wa njia ya kati iliyokwenda Tabora na Ujiji. Wanyamwezi waliteremka pwani kwa maelfu na pembe mabegani, kisha wakakaa mjini wakingoja mzigo wa kurudi nao bara. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, na frasila moja ni kama kilo 16. Ujira ulipatanwa kwa sarafu za riale au kwa nguo, merikani na kaniki, na sehemu yake ilitolewa mapema kabla ya safari. Posho ilitolewa njiani. Kirangozi aliongoza mbele na kuwasemea wenzake. Mkuu wa msafara alipovunja ahadi, wapagazi walitua mizigo, au usiku waliondoka wakamwacha nayo porini. Wapagazi hawa walijua thamani ya kazi yao, na walikuwa na njia zao za kuidai.

Lakini mgeni aliyeshuka jahazini hakumjua kirangozi yeyote, na hapo ndipo alipozaliwa wakala. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akijiandaa kumtafuta mmisionari Livingstone, alielekezwa na tajiri Taria Topan wa Unguja kwa kijana wa Kihindi aliyeweza kumkusanyia wapagazi Bagamoyo. Kijana huyo, Sewa Haji Paroo, alikuwa na umri wa karibu miaka 20. Stanley aliwapata watu wake, na katika kitabu chake akalalamikia vikali hesabu alizotozwa. Kwa miaka iliyofuata Sewa Haji alikuwa wakala mkubwa wa wapagazi katika pwani hiyo, akihudumia wafanyabiashara, wapelelezi na hatimaye Wajerumani. Yeye ndiye aliyewajua viongozi wa wapagazi, aliyetanguliza bidhaa kwa mkopo na aliyeandika mikataba. Kabla ya kufa kwake mwaka 1897 alitoa mali nyingi kwa shule na hospitali, na watu wa pwani wanamkumbuka kwa wema huo. Hata hivyo mzani ulikuwa umehama: kumbukumbu ya kazi ilitoka katika kambi ya wapagazi ikaingia katika kitabu cha duka.

Pembeni mwa soko hilo lilikuwapo jingine, zito zaidi. Watumwa wengi wa Unguja na miji ya pwani walipelekwa na mabwana wao kufanya kazi za kukodishwa, bandarini, ghalani na hata safarini, na sehemu kubwa ya ijara ikaenda kwa bwana. Kazi ilikuwa ya mtu mmoja, na jina lililolipwa lilikuwa la mwingine. Historia ya kazi za vibarua katika pwani hii haiwezi kusimuliwa kwa haki pasipo kuwataja watu hawa, kwa kuwa desturi ya mtu wa kati kukata fungu lake katika jasho la asiyekuwa na sauti ilipata mizizi kwao.

Wajerumani walipoitwaa pwani, waliifanya Bagamoyo makao yao ya kwanza. Walizima vita vya Abushiri, kiongozi aliyewapinga, wakamnyonga Pangani mwezi Desemba 1889, na mwaka 1891 wakahamishia makao Dar es Salaam. Sheria ya kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897 ilimlazimisha mkulima kutafuta fedha taslimu, na wengi waliitafuta fedha hiyo katika mashamba ya walowezi. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulihitaji mikono maelfu. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo ikaachwa kando, na upagazi wa masafa marefu ukafa. Mpagazi aliyekuwa akipatana bei akawa kibarua anayepangiwa bei.

Zama za Waingereza ziliikamilisha kazi hiyo kwa karatasi. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kibarua alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama, na ujira ulitoka kipande kilipojaa. Nchini Kenya kipande kilikuwa cheti cha kumsajili mwanamume wa Kiafrika, kikiwa na habari za kazi zake na ujira wake, naye alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Mwajiri asipotia sahihi ya kumruhusu kuondoka, mwenye kipande hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, shirika la kukusanya wafanyakazi wa mkonge. Kutoka Njombe, Kigoma na kwingineko, Wabena, Waha na wengine wengi waliletwa kwa malori na treni wakiwa manamba, watu wa mkataba walioandikwa kwa namba. Hapo daftari lilikuwa kamili kuliko wakati wowote uliotangulia: siku, kazi, ujira na tabia ya mtu vyote viliandikwa. Aliyeandikwa hakuwa na uwezo wa kulisahihisha.

Jibu la wafanyakazi lilikuwa kuungana. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939 na tena mwaka 1947. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilianzishwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, na miaka ya 1958 na 1959 migomo ilitikisa mashamba ya mkonge. Baada ya Uhuru kima cha chini cha mshahara kilipandishwa na mfumo wa manamba ukafifia. Lakini mwaka 1964 TFL ilivunjwa, na chama kimoja, NUTA, kikawekwa chini ya mkono wa serikali. Kumbukumbu ya kazi ilihama tena, safari hii kutoka kwa mwenye shamba kwenda kwa dola. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi aonyeshe kazi yake, na wengi wa mjini walioshindwa kufanya hivyo walirudishwa vijijini. Mchuuzi na fundi wa kujitegemea, ambao leo tungewaita watu wa kazi huria, walihesabiwa kuwa wazururaji.

Mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986 yaliwarudishia nafasi. Vijiwe vya mafundi, madalali na watu wa deiwaka, yaani vibarua wa siku, vilijaa mijini, na sifa ikarudi kuwa ya mdomo kwa mdomo. Kisha M-Pesa ikaanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2009 waya wa SEACOM chini ya bahari ukafika Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza kijana wa pwani aliweza kuandika, kuchora au kutafsiri kwa ajili ya mteja wa bara jingine bila kupanda chombo. Masoko makubwa ya kazi huria kama Upwork, na mipango ya serikali kama Ajira Digital ya Kenya iliyoanza mwaka 2016, yaliufungua mlango huo. Lakini kampuni yenye soko ilikata fungu lake katika kila malipo, na nyota alizokusanya mtu kwa miaka zilikuwa mali ya mtandao. Akaunti ikifungwa, sifa zote zilizama nayo.

Blokcheni iliingia katika habari hii ikiahidi kuliondoa daftari mikononi mwa mmoja. Sarafu ya Bitcoin ilianza Januari 2009, mtandao wa blokcheni wa Ethereum Julai 2015, na mwaka 2016 ukaja Steem, mtandao wa kijamii uliowalipa waandishi wake kwa sarafu yake wenyewe. Mwaka 2017 Utopian ilijengwa juu ya mtandao huo, ikawalipa watu walioandika programu huria, walioripoti kasoro na waliotafsiri. Mwaka huohuo Ethlance ilifungua soko la kazi juu ya Ethereum. Baadaye, katika mtandao wa kijamii wa Farcaster, Bountycaster iliwawezesha watu kutangaza kazi na zawadi yake ndani ya mazungumzo ya kila siku. Fikra ya kuongeza soko pale penye mtandao tayari ina mantiki: watu wamekwisha kukutana, maneno yao ya nyuma yanasomeka, na programu inaweza kushika ujira kama amana hadi kazi ikabidhiwe.

Ahadi hiyo imekwisha kupimwa. Mwezi Februari 2020 mfanyabiashara wa sarafu za kidijiti, Justin Sun, aliinunua Steemit, kampuni iliyoujenga mtandao wa Steem. Kura katika mtandao huo zilihesabiwa kwa wingi wa sarafu, na wenye sarafu nyingi wakautwaa uongozi wake. Tarehe 20 Machi 2020 sehemu kubwa ya wanajumuiya walijitenga na kuanzisha Hive. Hata daftari lisilo na mwenyewe linaweza kupata bwana, ikiwa kanuni zake zinampa sauti kubwa mwenye mali kubwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2013, katika kitongoji cha Bangladesh huko Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia hati za Bangla-Pesa kubadilishana bidhaa na kazi wakati shilingi zimeadimika. Waanzilishi walikamatwa, na mashtaka yakafutwa mwaka huohuo. Kutokana na jitihada hiyo, shirika la Grassroots Economics lilijenga Sarafu, fedha ya jamii iliyohamia katika blokcheni na kutumika kwa simu za kawaida zisizo na intaneti. Wakati wa janga la korona, kwa ushirikiano na Msalaba Mwekundu wa Kenya, ilifikia watumiaji takriban 40,000, Kinango na Mukuru zikiwa miongoni mwa sehemu zake kuu. Kila mtumiaji alisajiliwa pamoja na kile alichoweza kutoa: chakula, maji, kazi za kibarua. Chini yake vilikuwapo vyama, watu waliofahamiana na waliokwisha kusaidiana. Teknolojia ilikuwa mpya, na msingi ulikuwa ule wa mweria.

Sheria nazo zimesogea. Benki Kuu ya Tanzania iliwaonya wananchi dhidi ya sarafu za kidijiti mwaka 2019. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko. Na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa uhamisho wa mali za kidijiti. Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali hizo mwezi Oktoba 2025.

Bagamoyo ya leo ni zao la zama hizi zote. Mchongaji, mpiga ngoma aliyehitimu katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni TaSUBa, kibarua wa mananasi wa Kiwangwa, bodaboda wa Ubena Zomozi: wote wanaishi kwa kazi ya leo na sifa ya jana. Soko la kazi ndani ya mtandao wa blokcheni linaweza kuwafaa, kwa masharti ambayo historia yao imekwisha kuyaandika. Malipo yashikwe mapema, kama mpagazi alivyodai fungu lake kabla ya kutia mguu njiani. Sifa ya mtu iwe yake na aweze kuondoka nayo, asifungwe nayo kama mwenye kipande. Na kwa kuwa maandishi ya blokcheni hayafutiki, shutuma ya uongo iwe na mahali pa kujibiwa. Sauti ihesabiwe kwa watu. Na pawepo baraza la wenye kazi wenyewe kuamua ugomvi kwa lugha wanayoielewa, kazi ambayo kirangozi aliifanya safarini, na ambayo hakuna programu iliyokwisha kuimudu peke yake. Wajenzi wa masoko haya wakianzia hapo, watu wa pwani hii watapata daftari la kazi wanaloweza kulisahihisha wao wenyewe. Wasipoanzia hapo, watakuwa wamemjengea wakala duka jipya.