Askofu Janani Luwum: mwaminifu hadi mwisho



Wengi mmeniuliza kwa simu kama imani inadumu huku Uingereza, maana zamu zetu za Jumapili mnazijua. Leo siandiki habari zangu. Nawaletea historia ya jirani yetu wa Uganda ambaye sanamu yake iko hapa London.

Juu ya mlango wa magharibi wa kanisa la Westminster Abbey kuna sanamu 10 za Wakristo waliouawa karne ya 20. Zilizinduliwa mwaka 1998. Yumo Martin Luther King, yumo Manche Masemola, binti wa Afrika Kusini, na yumo Askofu Mkuu Janani Luwum.

Luwum alizaliwa mwaka 1922 Mucwini, kaskazini mwa Uganda, akawa mwalimu. Mwaka 1948 aliokoka katika ule uamsho ulioenea Afrika Mashariki hadi kwetu. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Anglikana. Idi Amin alikuwa ametawala tangu 1971 na watu walikuwa wakitoweka. Luwum alikuwa akienda mwenyewe kwa watu wa usalama kuwaulizia waliokamatwa.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba yake, eti wanatafuta silaha. Hawakukuta kitu. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 wakaitwa Kampala, Luwum akashutumiwa hadharani kuwa msaliti. Wenzake wakaruhusiwa kuondoka, yeye akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Lakini mwili wake ulikuwa na matundu ya risasi. Sisi wauguzi tunajua, jeraha la ajali na la risasi hayafanani hata kidogo.

Alizikwa kijijini kwao. Jumapili iliyofuata maelfu walijaa kanisa kuu la Namirembe ingawa mwili haukuwepo. Askofu Festo Kivengere, ambaye zamani alifundisha shule Dodoma, alikimbilia Rwanda na mkewe kwa kupita milimani kwa miguu. Baadaye aliandika kitabu cha kumsamehe Amin.

Amin aling'olewa Aprili 1979, Luwum hakuiona siku hiyo. Tangu 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda.

Wapendwa, nimeyaandika haya kwa sababu ndugu yetu mmoja huko nyumbani anashinikizwa kazini atie saini hesabu za uongo. Amekataa, sasa anaogopa kufukuzwa, na ana watoto watatu. Siwezi kumwambia kwamba Mungu atamlindia kazi, maana Luwum alikuwa mwaminifu na bado aliuawa. Ila angalieni jambo moja: barua ile kwa Amin hakuitia saini mtu mmoja. Maaskofu walisimama pamoja. Basi tusimwambie tu "tunakuombea" halafu tukamwacha peke yake. Mimi nitatuma ada za watoto muhula huu. Mlio karibu naye, nendeni mkakae naye, mkaone na unga kama upo.

Msalimieni Bibi, mwambieni dawa zake nimeshazituma.

Nawapenda wote.