Kilomita Zilizopotea Baharini

Gari la marehemu baba lilikaa miezi saba kando ya zizi, nyumbani Tetu, likiangukiwa na majani ya mparachichi. Toyota Corolla ya 2007, rangi ya fedha. Mama alitaka liuzwe kabla ya Septemba kwa sababu karo ya chuo ya kitinda mimba wetu ilikuwa inangoja. Kazi akanipa mimi. Ninaishi Nairobi na, kwa maneno yake, "mambo ya simu unayajua."

Broka mmoja kutoka Nyeri mjini alikuja, akalizunguka, akapiga gurudumu teke, akasema laki nne. Nikaona afadhali nilipeleke kwenye mnada wa mtandaoni, watu washindane. Fomu ya mnada ilikuwa na kisanduku kimoja cha kuandika historia ya gari. Nikataka kukijaza vizuri. Nikalipa pesa kidogo kwenye tovuti inayouza rekodi za minada ya Japani, nikaweka nambari ya chesisi, na baada ya dakika chache nikatumiwa karatasi.

Ilikuwa karatasi ya mnada, ile ambayo mkaguzi hujaza kabla gari halijauzwa kule. Juu kuna alama ya jumla: letu lilipata 4, gari zuri tu. Chini kuna mchoro wa gari uliojaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa. Halafu kuna maileji: kilomita 112,000.

Baba alilinunua yadi mwaka 2014, na mita ilisoma 54,000. Nakumbuka alivyojigamba kwamba limetembea kidogo, kama gari la mwalimu. Kilomita 58,000 zilipotea mahali fulani kati ya mnada wa Japani na ile yadi. Sasa mita inasoma 171,000. Ukweli ni 229,000.

Wazee wetu hawakuhitaji karatasi. Enzi za Peugeot 504, zile zilizounganishwa Mombasa na kubeba abiria kati ya Nyeri na Nairobi, gari lilikuwa na watu waliolijua. Ukitaka kulinunua ungemuuliza makanika, dereva, hata jirani aliyelisaidia kutoka mtaroni wakati wa mvua. Soko lilipofunguliwa mapema miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na bei ilikuwa ya kufikika. Ila gari lilifika Mombasa bila jirani. Hakuna wa kumuuliza.

Shida hiyo si yetu peke yetu. Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni rahisi. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima ataona anapunjwa, ataliondoa sokoni. Watakaobaki ni wenye mabovu. Makala hiyo ilichangia yeye kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Wajapani walijaribu dawa. Mwaka 1985 Masataka Fujisaki alianzisha mnada wa AUCNET, ambapo wafanyabiashara walinunua magari wakiwa wamekaa ofisini kwao. Intaneti ya kawaida haikuwepo. Picha zilitumwa zikiwa kwenye diski za leza, na bei zikapita kwenye laini ya simu. Kwa kuwa mnunuzi hakuweza kuligusa gari, ilibidi kila gari likaguliwe na mtu mwingine na lipewe alama. Ungedhani watu wangetoa pesa kidogo kwa kitu wasichokiona. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta kinyume: bei za huko zilikuwa juu kuliko za minada ya kawaida. Sababu moja ni kwamba karatasi iliaminika, na wenye magari mazuri wakayaleta.

Nilimsomea Mama hayo yote jikoni. Hakushangaa. Amechuma chai miaka mingi, na chai ya Kenya huuzwa kwa mnada. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na mwaka 2020 ukaingia kwenye kompyuta. Yeye hajawahi kuuona, lakini sheria yake anaijua kwa vidole: majani mawili na kichipukizi. Ukichanganya na majani magumu, kituoni wanakurudishia mbele ya watu. Chai huonjwa kabla ya kunadiwa.

"Awa," akaniambia. Mimi ni mwanawe wa pili, nina jina la baba yake, ndiyo maana huniita hivyo. "Huyo aliyemdanganya baba yako alimwonea. Sasa wewe unataka nani aonewe?"

Nilimpigia rafiki yangu anayeuza magari. Akacheka. "Bro, mita inasoma 171, andika 171. Hujaigusa wewe. Ukinyamaza unapata laki sita bila jasho."

Alikuwa na hoja. Nikaangalia magari mengine kwenye mnada ule. Corolla zote za umri wa letu zilikuwa chini ya 130,000, kana kwamba Wakenya huendesha Jumapili tu. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokosekana. AUCNET walikagua kila gari. Mombasa wanaonja kila chai. Ukweli huko una bei nzuri kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuukwepa. Kwetu kisanduku cha historia ni hiari, na anayekijaza anasimama peke yake.

Nilikijaza. Niliandika 229,000, nikaweka picha ya karatasi, na nikaeleza kwa nini mita inasoma vingine. Siku mbili hakuna aliyeweka bei. Mwishowe watu watatu walishindana, na likaenda kwa laki tano na elfu ishirini. Ukilinganisha na hesabu ya rafiki yangu, tulipoteza elfu themanini. Karo ilitosha, ila ya chumba tulikopa.

Aliyenunua alikuja kutoka Othaya na mkewe. Hakupiga gurudumu teke. Aliuliza tu kama naweza kumtumia ile karatasi ya Japani, kwa sababu siku moja na yeye ataliuza. Nikamtumia palepale. Mama akamwongezea parachichi sita kwenye mfuko, na gari likatoka langoni likiwa na kilomita zake zote.