Gunia Moja, Kaya Nyingi: Historia ya Chenga Kwenye Kamera Ndogo

Wenzangu, wengi wetu tulivuka mpaka bila albamu. Mtu alibeba mtoto, alibeba sufuria, alibeba vyeti kama alivipata. Picha za ukutani zilibaki ukutani. Kwa hiyo tukizungumza kamera hapa hatuzungumzi anasa. Picha tunazopiga leo ndizo watoto wetu watakazoziita za zamani. Na nyingi tunazipiga jioni, kwenye taa ya sola, maana mchana watu wako shambani, shuleni au kwenye foleni. Sasa hebu tuone kwa nini picha hizo za jioni hutoka na chenga, yale madoadoa kama ya televisheni isiyoshika stesheni, na ilikuwaje watu wakaaminishwa kwamba dawa yake ni megapikseli nyingi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa maabara ya Bell, Marekani, walibuni CCD, kifaa cha silikoni kilichokuja kuwa jicho la kamera za dijitali. Mwaka 1975 Steven Sasson, injinia kijana wa Kodak, aliunda kamera yenye uzito wa karibu kilo 3.6. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, ya nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Miaka 20 baadaye, 1995, Casio ikauza QV-10, kamera ndogo yenye skrini nyuma na nukta 250,000. Wakati ule kila nukta iliyoongezwa ilionekana kwa macho. Namba kubwa ilimaanisha picha bora, na muuzaji hakudanganya.

Lakini picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji megapikseli 2 hivi tu. Kufikia mwaka 2000 kamera za mfukoni zilikuwa zimeshafika hapo. Ulikuwa wakati wa kuuliza maswali mengine. Ila maduka yalikuwa yameshazoea: namba ni rahisi kuandika kwenye boksi, na mteja anaielewa haraka.

Shida iko wapi? Ndani ya kamera kuna sensa (siyo ile ya kuhesabu watu, jamani), kibao kinachopokea mwanga. Kwenye kamera nyingi za mfukoni za miaka ile kilikuwa na milimita 5.8 kwa 4.3, kidogo kuliko ukucha. Sensa ya kamera kubwa za studio ina milimita 36 kwa 24, yaani eneo lake ni zaidi ya mara 30.

Fikiria siku ya mgao. Gunia la mahindi ni moja. Ukiligawa kwa kaya 6, kila kaya inapata ya kutosha. Ukiligawa kwa kaya 12, gunia halijaongezeka, fungu ndilo limepungua. Mwanga ndio gunia, na nukta ndizo kaya. Na kama kopo la kupimia likiyumba kidogo, mwenye fungu kubwa hasikii, mwenye fungu dogo analia. Mwanga nao huyumba hivyohivyo, kwa sababu chembe zake huanguka bila mpangilio. Nukta iliyopokea chembe 10,000 huyumba kwa kama 100, asilimia 1. Iliyopokea chembe 100 huyumba kwa kama 10, asilimia 10. Huko kuyumba ndiko chenga. Ukipandisha ISO, kamera haiongezi mwanga. Inakuza hicho kidogo kilichopatikana, pamoja na kuyumba kwake.

Tena kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko ukuta mweupe. Kwa hiyo uso wa mama jioni unakaa kwenye sehemu ya picha yenye fungu dogo kabisa, na chenga huanzia hapohapo.

Sasa rudi dukani. Mwaka 2006 Fujifilm ilitoa FinePix F30. Ilikuwa na megapikseli 6 tu, wakati wenzake wengi walikuwa wanakimbilia 7, 8 na 10. Lakini sensa yake ilikuwa kubwa kidogo kuliko ya kawaida, na ISO ilifika 3200. Wapimaji wa kamera waliisifu kwa picha za usiku kuliko kamera zote za saizi yake. Je, kampuni iliendelea na njia hiyo? Mwaka 2007 ikaja F50fd yenye megapikseli 12 kwenye sensa ya karibu ukubwa uleule, na chenga zikarudi. Soko lilikuwa limeamua.

Mwaka 2008 ushindani ukawa wazi zaidi. Canon ilileta PowerShot G10 yenye megapikseli 14.7, Panasonic ikaleta LX3 yenye 10. Mchana wa jua, G10 ilionyesha hata mishipa ya majani. Gizani LX3 ilikuwa mbele, kwani lenzi yake ilifunguka mpaka f/2.0 na kuingiza mwanga mwingi. Mwaka uliofuata Canon ikafanya jambo ambalo kampuni za kamera hazikulizoea: G11 ikatoka na megapikseli 10, chini ya iliyotangulia. Namba ilirudi nyuma, picha za jioni zikasonga mbele.

Mwaka huohuo wa 2009 Sony ilianza kuuza kamera ndogo zenye sensa iliyogeuzwa, nyaya zake zikiwa nyuma ili zisizuie mwanga. Na 2012 RX100 yake ikaingiza sensa ya milimita 13.2 kwa 8.8 ndani ya kamera ya mfukoni. Hiyo ilikuwa na megapikseli 20, lakini gunia lenyewe lilikuwa limeongezwa.

Kufikia hapo simu zilikuwa mlangoni. Mwaka 2010 kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 zilitoka viwandani kwenda sokoni. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Na simu zimerithi mchezo uleule. Samsung Galaxy S20 Ultra ya 2020 ina megapikseli 108, lakini kwa kawaida inaunganisha nukta 9 ziwe 1 na kukupa picha ya 12. Yaani wahandisi wenyewe wanarudisha kaya ndogo ziwe kaya kubwa.

Vikorombwezo vingine navyo vipimwe kwa kazi yake. Kituliza-mtikisiko kinasaidia mkono unaotetemeka. Mtu anayecheza ngoma bado atatoka na ukungu. Zumu ndefu inavuta mbali, lakini kwenye kamera nyingi ndogo lenzi hujibana ukivuta na mwanga unapungua. Flashi inamulika aliye mbele na kuacha giza nyuma yake. Programu ya kufuta chenga inafuta kweli, ila inafuta pamoja na maua ya kitenge na nywele za bibi, uso ukabaki laini kama ugali.

Kwa hiyo ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaoandaa orodha ya manunuzi ya kikundi cha vijana, msiandike megapikseli peke yake. Andikeni ukubwa wa sensa na namba ya lenzi. Ile f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi. Na sisi tunaotafuta kamera ya mtumba, F30 iliyotumika vizuri isidharauliwe kwa sababu ya 6 yake. Angalia tu kama memori kadi yake, aina ya xD, bado inapatikana, na kama betri inashika chaji.

Kabla hujatoa hela, ingia chumba chenye taa moja. Zima flashi. Piga picha ya mtu aliyevaa kitenge, kisha ikuze kwenye skrini uangalie macho yake na maua ya nguo. Ukiviona vyote viwili, anza kujadiliana bei.