Kirk Winemiller, profesa anayefuata samaki wa mito

Kirk Winemiller ni mtaalamu wa ekolojia wa Marekani. Tangu mwaka wa 1992 anafundisha kwenye chuo kikuu cha Texas A&M. Anachunguza samaki wa mito na maziwa: wanakula nini, wanazaa namna gani, na nini kinawamaliza.

Alipata udaktari mwaka wa 1987. Utafiti wake aliufanya sana katika nchi za joto: Venezuela, Costa Rica, na hapa Afrika kwenye mto Zambezi, upande wa Zambia, mwaka wa 1989.

Jina lake lilijulikana zaidi mwaka wa 1992. Yeye na mwenzake Kenneth Rose walieleza kama samaki wana njia tatu za kuendeleza uzazi. Mifano iko hata hapa kwetu. Kuna wadogo wanaokomaa haraka na kutaga mara kwa mara, kama sambaza wa ziwa Kivu. Kuna wakubwa wanaokomaa polepole, wanataga mayai mengi sana na kuyaacha, kama kapiteni wa ziwa Albert. Kuna tena wanaotaga machache na kuyalinda, kama tilapia wa ziwa Edouard: mama anabeba mayai mdomoni.

Ndiyo maana sheria moja ya uvuvi haiwezi kulinda wote. Sambaza wakiachiwa muda wanarudi haraka. Kapiteni mkubwa akitolewa, mayai mengi yanaenda naye. Tilapia naye anaumia watu wakivuta nyavu ndogo kandokando, mahali pa kuzalia.

Januari 2016, Winemiller na wenzake wengi waliandika katika gazeti la Science juu ya barage za umeme kwenye mito Amazon, Kongo na Mekong. Mabonde hayo matatu yana karibu theluthi ya aina zote za samaki wa maji yasiyo na chumvi duniani. Walisema wanaotetea barage mara nyingi wanaongeza faida na kupunguza hasara ya samaki. Hawakukataa umeme. Waliomba mahali pa kujenga pachaguliwe kwa kuangalia mto mzima.

Kongo, watu wanafikiria kwanza Inga, mbali na mashariki. Lakini maji ni yale yale: Ruzizi inatoka Kivu na kuingia Tanganyika, Lukuga inatoka Tanganyika pale Kalemie na kufikia Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo wenyewe. Ruzizi ina barage tayari. Kila mara nyingine inapopangwa, mvuvi ana haki ya kuuliza samaki watapita wapi, na aulize mbele ya simenti kumwagwa.